Mjomba ataka kugandishwa, na sisi tuko Mombasa

Ndugu Mshauri,

Mjomba wangu ana miaka 71 na saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Kuzikwa makaburini Kikowani amekataa. Anataka mwili wake uwekwe kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sufuri, katika Cryonics Institute, taasisi ya kugandisha maiti kule Michigan, Marekani, akitumaini ataamshwa siku moja. Ada ya chini ni dola 28,000, usafiri mbali, na pesa anazo. Shughuli amenikabidhi mimi. Kinachonitatiza ni saa.

Kugandisha mtu si kumtia kwenye friji. Damu hutolewa, kisha mishipa ikapitishwa dawa ya kuzuia barafu, ili ubongo ugande kama kioo badala ya kujaa fuwele zinazochana tishu. Damu ikishaganda mishipani, dawa haipiti. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, husaidia, lakini ukimdunga maiti bila kumkandamiza kifua damu izunguke, inabaki pale pale mkononi. Na hakuna kuanza lolote kabla daktari hajathibitisha kifo.

Tuseme amefia Majengo, mchana wa Februari, nyuzi 32. Barafu ya wauza samaki nitaipata, kilo 150 hivi, niiponde na kuikoroga na maji ndani ya turubai. Mapande makavu hugusa ngozi hapa na pale tu. Halafu? Taarifa kwa chifu, kibali, ubalozi, ndege ya Nairobi, kisha ng'ambo. Wasafirishaji kwa kawaida hutaka maiti itiwe formalini, dawa ya kuzuia kuoza. Barafu kavu nayo (kaboni dioksidi iliyogandishwa), nyuzi 78 chini ya sufuri, itagandisha mishipa kabla dawa haijapita. Kwa hesabu yangu atafika bila kupitishwa dawa, kagandishwa hivi hivi.

Yeye hunionyesha simuni utafiti wa Minnesota wa 2023: figo za panya zilizohifadhiwa hadi siku 100, zikapashwa joto kwa chembechembe za chuma na sumaku, zikapandikizwa, zikafanya kazi. Ni kweli. Lakini figo zile zilipitishwa dawa mara tu zilipotolewa, wala si ubongo uliokaa siku tatu njiani. James Bedford, Mmarekani wa kwanza kugandishwa hivi, aligandishwa Januari 1967, na hadi leo hakuna binadamu aliyeamshwa.

Sheria nayo. Waliofuatilia kesi ya S.M. Otieno, wakili ambaye mjane wake na ukoo wake waligombania maziko yake, wanajua korti zetu hazifungwi na matakwa ya marehemu; mwili wake ulikaa miezi mitano hadi ukazikwa Mei 1987. Dada zake mjomba, mama yangu akiwamo, wanataka azikwe siku hiyo hiyo. Mmoja akipata zuio la korti, kwishneo.

Nauliza: nimshauri ahamie Michigan angali anatembea, afie huko mbali na dada zake, ingawa viza kwa mgonjwa kama huyu ni mtihani? Au nimwambie wazi kwamba kutoka Mombasa atafika amechelewa, aamue mwenyewe? Na akishikilia, nani azungumze na mama: mimi, wakili, au imamu wa mtaani?

Mpwa,
Majengo, Mombasa