Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Kale Zanzibar: ratiba ya Beit el Ajaib ianzie kwenye chokaa

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa mkaazi wa Shangani niliyepata kushika ghala la vifaa katika matengenezo ya nyumba kadhaa za Mji Mkongwe. Jambo langu ni moja: mpangilio wa kazi ya kulirejesha jumba la Beit el Ajaib (Jumba la Maajabu) la Mji Mkongwe, lililoanguka sehemu, yaani nini kitangulie, nini kifuate, na kipite njia gani mpaka kifike Forodhani, pwani lilipo jumba. Fedha na michoro vina wasemaji wake wengi, lakini ratiba mara nyingi haina mwenyewe.

Jumba alilolijenga Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mwaka 1883 halifanani na nyumba zetu nyingine za mawe. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki masafa marefu, ilhali Beit el Ajaib lilipata kumbi zake pana na varanda zake kwa nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma. Ndiyo maana kazi yake ina kalenda mbili. Chuma kinaagizwa ng'ambo na siku yake ya kufika inajulikana kwa meli na bandari. Chokaa inachomwa hapa hapa, na siku yake anaijua fundi peke yake.

Hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa. Mawe ya matumbawe huchomwa tanuuni, yakaiva yakanyweshwa maji, kisha chokaa ikaachwa shimoni wiki nyingi, na ikipata miezi ni bora zaidi. Hata ikishapigwa ukutani, lipu yake hukaza taratibu, tabaka moja likisubiri jingine. Anayeagiza chokaa siku anayoihitaji ameshachelewa, na hapo ndipo mfuko wa saruji unapoingia, huku kila mtu akijua kwamba saruji huufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe mpaka ukuta unamomonyoka. Kwa niliyoyaona, saruji huingia Mji Mkongwe zaidi kwa sababu ya ratiba mbovu kuliko kwa ujinga wa mafundi. Naomba basi chokaa ya hatua nzima iwe shimoni kabla jukwaa la kupandia mafundi wa hatua hiyo halijasimamishwa.

Kuna na suala la mvua. Miradi yetu mingi hufunguliwa katika shamrashamra za Mapinduzi mwezi wa Januari, nami sina ugomvi na shamrashamra hizo, ila anayelenga Januari hujikuta akikimbizana na lipu za nje katika Vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, mvua ikiiosha kazi kabla haijashika. Paa na kinga za muda zikamilike kabla ya Masika ya Machi, na lipu za nje zipangiwe miezi ya ukavu baada ya Mei. Tarehe ya kufungua itajwe baada ya hayo kuthibitika.

Sehemu ya jumba ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, watu wawili walifariki, na kuta zilizokuwa za ndani ziligeuka kuwa za nje. Sitaingia katika sababu zake, maana si fani yangu. Ninachoomba ni kwamba kila siku ya kuondoa au kuhamisha egemeo, yaani mhimili wa muda unaoshikilia jengo, iandikwe peke yake katika ratiba pamoja na mhandisi wake, na siku hiyo pasipangwe kazi nyingine yoyote chini yake.

Kuhusu usafirishaji, eneo lenyewe halina nafasi: mbele ni bustani ya Forodhani na bahari, ubavuni Ngome Kongwe, nyuma vichochoro visivyopitisha lori. Mzigo mzito unaoshushwa bandarini Malindi, hapa mjini, utapita Barabara ya Mizingani, nayo jioni hujaa watu wanaokuja kula Forodhani. Malori yapite baina ya Alfajiri na kufunguliwa kwa maduka, ghala kuu liwe nje ya Mji Mkongwe, na jumbani kiletwe kile tu kitakachotumika wiki hiyo. Mwezi wa Ramadhani mafundi wapangiwe kazi za kivulini, kama useremala na usafishaji wa nakshi, kwani kumpandisha jukwaani mtu aliyefunga katika jua la mchana ni kuitafuta ajali. Mawe, mbao na milango iliyookolewa nayo ipewe namba na mahali pa kukaa. Nimewahi kuona mlango wa nakshi ukinyeshewa msimu mzima kwa sababu tu hakuna aliyepanga uwekwe wapi.

Mheshimiwa, yote haya yanahitaji mtu mmoja mwenye dhamana ya ratiba na uwezo wa kuisimamisha kazi bila kusubiri kikao, na ratiba yake ibandikwe kila mwezi kwenye ubao pale Forodhani, ikionesha kilichokamilika, kilichochelewa na sababu ya kuchelewa.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Shangani, Zanzibar