Barakoa haiwezi kuwa mlima

Bwana Mhariri,

Katika toleo la juma lililopita mlichapisha ushauri kwa vijana wanaokimbia hapa Goma: wakaze barakoa usoni wakati wa mbio za kasi, kwa kuwa eti inawanyima oksijeni, na mwili ulionyimwa oksijeni unaongeza damu kama wa mtu wa milimani. Ushauri huo umekwisha kuingia viwanjani. Kuna makocha wanaoufuata, na kuna barakoa nyeusi za mpira zenye vilango vya kubana hewa zinazouzwa kwa ahadi hiyohiyo. Sisi ni makocha na wauguzi tunaofuatilia afya ya wanariadha, na tunaona ushauri umekosea mahali pawili: barakoa hainyimi oksijeni kwa namna mlivyoeleza, na kile inachofanya kweli kinapunguza faida ya mazoezi.

Tuanze na huo mlima. Hewa ina oksijeni karibu 21% huko Mombasa, hapa Goma, na juu ya volkano ya Nyiragongo vilevile. Kinachobadilika ni mgandamizo wa hewa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama 84% ya ule wa pwani. Ukifika ukingoni mwa Nyiragongo, mita 3,470, umebaki karibu theluthi mbili. Barakoa haigusi mgandamizo huo. Chembe ya oksijeni ni ndogo mara maelfu kuliko matundu ya kitambaa, kwa hiyo inapita bila shida, na hewa iliyo ndani ya barakoa ina mgandamizo ule ule wa uwanjani. Kilango cha plastiki kilichoandikwa mita 3,000 au 4,000 kinapunguza upana wa njia ya hewa, basi.

Zaidi ya hapo, faida ya milimani inatoka kwenye kuishi huko. Figo zikikosa oksijeni ya kutosha kwa saa nyingi kila siku, wiki tatu au nne mfululizo, zinatoa homoni ya eritropoyetini, nayo inaamsha uboho utengeneze seli nyekundu zaidi. Ndiyo maana wanariadha wa Kenya wanaweka kambi Iten, karibu mita 2,400: wanakula huko na kulala huko. Dakika 40 za barakoa jioni, figo hazina hata habari. Na kijana wa Goma, tusisahau, tayari amelala kwenye mita 1,500 tangu azaliwe.

Shida ya barakoa ni kazi ya kupumua. Mtu aliyekaa anapitisha lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, na kwa kiasi hicho barakoa yoyote nzuri haisikiki. Anayekata mita 400 kwa nguvu zake zote anapita lita 100, na waliozoea wanafika 150. Kanuni ya Ulaya ya EN 149 inataka barakoa ya FFP2, ile ya kuchuja vumbi, isizuie pumzi ya kuvuta kwa zaidi ya milibari 2.4 hewa inapopita kwa lita 95 kwa dakika. Ni kama kunyonya maji yapande sentimita 2 na nusu kwenye mrija, kitu kidogo. Lakini lita 95 hizo ni za mashine inayovuta sawasawa bila kukatisha. Binadamu anavuta, anatoa, anavuta tena. Ili apitishe lita 100 kwa dakika, katikati ya kila pumzi hewa inakimbia kwa kasi inayozidi lita 300 kwa dakika, na hapo uzito wa kuvuta unapanda mbali na kile kilichopimwa kiwandani. Misuli ya mbavu na ya kiwambo kilicho chini ya mapafu inalipa gharama hiyo kwa damu ambayo miguu ilikuwa inaihitaji.

Kisha jasho na mvuke. Mtu akipita kama lita 35 au 40 kwa dakika, pua peke yake haitoshi, mdomo unafunguka. Mtazame anayekimbia na barakoa ya kitenge baada ya mizunguko mitatu ya uwanja: kila akivuta, kitambaa kinaingia ndani na kuganda midomoni, akitoa, kinavimba. Kikishagusa midomo, hewa inapita kwenye kipande kidogo kilicho mbele ya mdomo tu, si kwenye kitambaa chote. Maji yanaziba matundu ya kipande hichohicho. Ndipo kifua kinabana, na kijana anasema hakuna oksijeni. Oksijeni ipo, kinacholalamika ni misuli inayovuta. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa isivaliwe wakati wa mazoezi makali, likitaja hasa jasho linaloilowesha haraka, na watu waachiane angalau mita 1.

Kuhusu hewa chafu ya kaboni inayobaki ndani ya barakoa, wengi wanaitisha kupita kiasi. Tuseme nafasi kati ya uso na barakoa inabakiza mililita 100 za hewa iliyotumika. Kwa mtu aliyekaa, anayevuta nusu lita kwa pumzi, hiyo ni sehemu ya tano. Kwa anayekimbia, anayevuta lita 2 hadi 3 kwa pumzi, ni asilimia tatu mpaka tano tu. Inachangia joto na kero usoni, lakini anayekuambia kwamba kijana mzima anajipulizia sumu amekosa hesabu.

Vipimo vilivyofanywa vinaonekana kupingana, na inafaa kujua kwa nini. Mwaka 2020, huko Leipzig, Ujerumani, wanaume 12 wenye afya waliendesha baiskeli ya kupimia hadi nguvu zikaisha. Wakiwa na FFP2, hewa waliyopitisha kwenye kilele ilipungua kwa takriban 23%, na kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili uliweza kutumia kikashuka kwa takriban 13%. Barakoa ya hospitali ilipunguza pia, ila si kwa kiasi hicho. Mwaka huohuo, Saskatchewan, Kanada, watu 14 walipimwa kwa baiskeli hadi kuchoka wakiwa na barakoa ya kitambaa, na ya hospitali, na bila kitu: muda wa kuchoka haukutofautiana, wala oksijeni ya damu. Hakuna aliyedanganya. Leipzig walivishwa juu ya barakoa kinyago cha mpira cha kupimia hewa, ambacho kinabana kingo. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali iliyovaliwa kawaida huacha hewa itoroke mashavuni na kando ya pua mtu anapohema. Kwa maneno mengine, barakoa isiyokusumbua kwenye mbio kali mara nyingi ni ile inayovuja, na inayovuja haikukingi vumbi wala haimkingi mwenzako.

Je, mazoezi yanapoteza nini? Kasi. Mpangilio wa mita 400 mara nane unatafuta miguu ijue mwendo fulani. Barakoa inapunguza mwendo, inarefusha mapumziko, na mapigo ya moyo yanabaki juu kwa sababu ya joto. Kijana anarudi nyumbani amechoka bila kuwa amefanya kazi aliyoagizwa. Anayetaka kuimarisha misuli ya kupumua, kuna vifaa vidogo vya kuvutia hewa vyenye springi inayokazwa, vinavyotumiwa mtu akiwa ameketi, pumzi 30 asubuhi na 30 jioni. Kocha asiyetuamini ajipimie mwenyewe: siku mbili tofauti, saa ileile, uwanja uleule, mita 1,000 mara tatu na dakika nne za mapumziko, siku moja na barakoa na siku nyingine bila. Aandike muda wa kila mzunguko, na mapigo ya moyo kwa sekunde 15 mara mkimbiaji anaposimama, azidishe kwa nne. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni akiache mfukoni, kidole kinachotikisika kinakidanganya.

Sasa vumbi, ambalo ndilo sababu ya kweli ya watu wengi wa mji huu kuvaa kashe-ne, yaani barakoa, hadi leo. Hapo hatupingi. Mwezi wa 7 na wa 8, kwenye barabara zisizo na lami, pikipiki moja ikipita inaacha wingu la mchanga mweusi wa volkano, ongeza moshi wa magari na wa makala. Anayekimbia kwa lita 100 kwa dakika anavuta kwa saa moja hewa ambayo aliyekaa angeivuta kwa saa 14, tena kwa mdomo, bila chujio la pua. Lakini usimfungie barakoa umpeleke kwenye mbio za kasi katika wingu hilo. Badilisha mahali na saa: asubuhi kabla pikipiki hazijaamka, au baada ya mvua, mbali na barabara kubwa. Ikiwa hakuna njia nyingine, shusha mwendo hadi kiwango cha kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, ndipo barakoa inavumilika.

Kwa vumbi chagua FFP2, inayochuja 94% au zaidi, na yenye kilango cha kutolea hewa kama ipo. Kilango kinapunguza joto na unyevu ila hakirahisishi kuvuta, na kinatoa pumzi yako bila kuichuja, kwa hiyo mwenye kikohozi asikitumie kati ya watu. Kandamiza waya wa pua kwa vidole vya mikono miwili, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukibana kwa mkono mmoja unaacha kichuguu juu ya pua na hewa inapita hapo. Funika barakoa kwa viganja, pumua kwa nguvu: ukisikia upepo machoni, rekebisha. Ndevu zinaharibu kila kitu. FFP2 usiioshe kwa sabuni wala kuipulizia alkoholi, kwa sababu inachuja kwa chaji ya umeme iliyo kwenye nyuzi zake, na chaji hiyo inapotea. Ya kitambaa ioshwe kwa sabuni na maji moto, ikauke juani, na mtu abebe ya pili kavu. Gesi za moshi wa gari na za volkano hazizuiliwi na yoyote kati ya hizi.

Wenye pumu, wenye selimundu na wenye ugonjwa wa moyo wasijaribiwe kabisa na barakoa kwenye mazoezi makali. Kwa yeyote mwingine, kizunguzungu, maumivu ya kifua, mluzi kifuani au ganzi midomoni maana yake ni kuivua papo hapo, kuketi ukiinamia mbele mikono magotini, na kutorudi uwanjani siku hiyo.

Ushauri wetu wa kukimbia alfajiri una sharti moja kwa upande wa ziwa na njia ya kwenda Sake. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, inatuama mabondeni, na usiku usio na upepo inajaa zaidi, hadi jua na upepo viitawanye. Ikizidi 10% mtu anazimia ndani ya dakika chache, na barakoa yoyote, hata FFP2 mpya, haifanyi lolote. Kocha apite njia hiyo mchana kwanza, aulize wenyeji ni wapi mbuzi na kuku hufa, asipeleke watoto chini ya usawa wa barabara, na asiruhusu kunyoosha misuli kwa kulala chini mahali palipobonyea. Mmoja akianguka bondeni, wenzake wasishuke kumwinamia. Waite watu na wamvute kutoka juu.

Makocha na wauguzi wa michezo,
Goma