Kabla hujahama Electron

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika. Unataka kuitupa Electron, ile zana ya kutengenezea programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, na kuiandika upya programu yako kwa sababu watumiaji wanalalamika kwamba inakwama. Ngoja kwanza nikuungamie kosa langu.

Mimi nami niliwahi kuhama hivyohivyo. Miezi miwili nakesha na Qt, zana nyingine ya kutengenezea madirisha na vitufe, lugha yake ya C++ ikinitoa jasho. Siku ya majaribio nikabofya kitufe cha kufungua faili, dirisha likaganda vilevile! Kumbe faili lote nilikuwa nalisoma kwenye uzi (mkondo wa kazi ndani ya programu) uleule unaochora dirisha. Skrini ya herzi 60 (picha, yaani fremu, 60 kwa sekunde) inakuachia milisekunde 16 na ushee kwa kila fremu. Ukizimaliza kwa kusoma diski, kitufe hakina wa kukiitikia, zana iwe ipi. Nikahamishia usomaji kwenye uzi wa pembeni, kukawa shwari. Kazi ya mchana mmoja tu, na ningeweza kuifanya bila kuhama.

Si kwamba zana zote ni mamoja. Electron hubeba Chromium (kivinjari kizima) na Node.js (ya kuendeshea JavaScript) ndani ya kila programu, ndiyo maana hata dirisha tupu hula kumbukumbu nyingi. Kama kilio cha watu wako ni hicho, hama. Tauri, zana mbadala, itakuachia HTML yako, maana hutumia injini ya wavuti iliyomo kwenye mfumo: WebView2 kwa Windows, WebKit kwa macOS. Ila injini hizo hazifanani, kwa hiyo jiandae kujaribu kila mahali. FLTK, zana nyingine ya C++, ni nyepesi mno, lakini sura yake, mh, mimi imenishinda.

Kwa jedwali lako la mistari laki moja ningeshika Qt. Lakini usiingie mtego wa QTableWidget, jedwali la Qt lililo tayari, kwa kuwa kila kisanduku unakitengenezea kitu chake. Safu kumi tu, tayari una vitu milioni. Chukua QTableView, jedwali la kuonyesha tu, na modeli (sehemu inayolipa data) uliyoiandika mwenyewe. Hiyo huulizwa data ya mistari inayoonekana, thelathini hivi, na mtu akiteremka inaulizwa ifuatayo.

Sasa nifanyie hisani moja: iendeshe programu kama ilivyo, pima muda unaishia kwenye fungsheni (kipande cha msimbo) ipi, unitumie matokeo. Mpaka hapo usifute hata mstari mmoja.

Wako,
Mkesha-na-Qt