Chupa ya saa sita usiku

Mhariri,

Jumamosi iliyopita, katika safu yenu ya malezi, mama mmoja aliuliza afanyeje, maana mtoto wake wa siku tisa anadai kunyonya kila baada ya saa moja na yeye anahisi maziwa hayatoshi. Mwandishi wenu akamjibu ampe chupa moja ya maziwa ya kopo saa sita usiku, mtoto ashibe na mama alale. Ushauri huohuo niliwahi kupewa mimi, tena na watu wanaonipenda, na nikaufuata. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa miaka 11 nimechora titi ubaoni: vifuko vinavyotengeneza maziwa, mirija, mshale unaopanda kwenye ubongo na mwingine unaoshuka. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unatoa prolaktini ya kutengeneza maziwa na oksitosini ya kuyasukuma yatoke. Wanafunzi wangu wanalijua hilo hata ukiwaamsha usingizini. Kisha nikajifungua. Usiku wa tatu nimekaa kitandani, chuchu zimechanika, mtoto analia mpaka sauti inakauka, na ule mchoro wangu wote umeniruka kichwani. Mtu mmoja pale nyumbani akasema, "Huna maziwa wewe." Nikamwamini kuliko nilivyoamini vitabu vyangu.

Nikampa chupa usiku nne mfululizo. Alilala, sikatai. Ila siku ya tano nilijikamua nikapata kidogo mno, na yule aliyesema sina maziwa akaonekana nabii.

Kilichokuwa kimetokea ningeweza kukieleza darasani bila kushika chaki. Maziwa yanayobaki titini ndiyo yanayoliambia lipunguze kazi. Likinyonywa likaisha, linaongeza kasi. Tena prolaktini hupanda zaidi usiku. Mtoto aliyejazwa chupa saa sita atalala hadi alfajiri, na titi litakaa saa tano limejaa, katika muda uleule ambao lingefanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo chupa inayotolewa kwa sababu maziwa ni machache ndiyo inayoyafanya yawe machache kweli.

Mkunga niliyemwendea hakuniuliza habari za maziwa kabisa. Alitazama mdomo wa mtoto. "Huyu anatafuna chuchu, hanyonyi," akasema. Akamgeuza tumbo lake liguse langu, akangoja mpaka akaachama kama anayepiga miayo, ndipo akamsogeza kwangu, kidevu kikitangulia kugusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu imeingia kinywani. Maumivu yakaisha palepale. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akimeza.

Ndipo akauliza nepi ngapi zinalowa. Kuanzia siku ya tano, sita au zaidi kwa siku ni dalili njema, pamoja na uzito unaopanda baada ya kushuka kidogo siku za mwanzo. Kilio peke yake hakipimi maziwa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na jioni anaweza kuomba tena kabla hujafunga vifungo vya blauzi.

Mwandishi wenu ameacha jambo jingine ambalo ningedhani angeligusa. Wako wanawake wanaotegemea kunyonyesha kama njia ya uzazi wa mpango. Kinga yake ni takriban asilimia 98, lakini kwa masharti: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku. Chupa ya kila usiku inavunja sharti hilo, na hakuna aliyemwambia. Sizungumzii bado saratani ya matiti: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha hatari hiyo kushuka kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha.

Wapo ambao maziwa hayatoshi kweli, kwa mfano baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa matiti au wenye matatizo ya homoni. Kwao maziwa ya kopo ni chakula cha mtoto, basi, na asiwepo wa kuwanyooshea kidole. Lakini hilo hupimwa kwanza. Halikisiwi kwa barua.

Na usingizi? Mama anauhitaji, sibishi. Kwangu mume wangu ndiye aliyekuwa akiamka, ananiletea mtoto, namnyonyesha nimelala ubavu, kisha anamchukua kumbeusha na kumbadilisha nepi. Nilikuwa nasinzia kabla hajafika mlangoni.

Mtoto wa msomaji wenu sasa ana kama wiki mbili. Maziwa yaliyopungua kwa namna hii mara nyingi hurudi mtoto akirudishwa titini mara kwa mara, usiku ukiwemo. Yangu yalichukua siku kumi. Naomba mumwandikie tena Jumamosi hii, kabla chupa ya kwanza haijaita ya pili.

Mwalimu wa baiolojia, mama wa watoto wawili