Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wapambaji wa Maua ya Harusi, Lubumbashi, Mwaka 2024

Wamama na wababa wapendwa, wanachama wenzangu,

Kwa heshima ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: mafunzo ya siku mbili ya kufunga shada la bibi harusi, ambayo niliyaongoza mwenyewe bila malipo, misaada kwa familia mbili zilizofiwa na kwa wamama watatu waliojifungua, na mapambo tuliyosaidiana mwezi wa nane, harusi nne zilipogongana Jumamosi moja. Ninazipita haraka kwa sababu jambo linalotugawa ni friji ya kuhifadhia maua, na mna haki ya kupata maelezo yake kwangu kuliko kuyaokota sokoni.

Friji hiyo ya milango miwili ya vioo, ambayo zamani ilikuwa ya kuuzia soda, tuliinunua ikiwa imeshatumika kwa dola 1,150, tukaongeza dola 40 za usafiri na dola 85 za kidhibiti umeme. Wapo wanaosema kwamba mwenyekiti amejinunulia friji kwa fedha za likelemba, yaani mchango wetu wa kupokezana. Likelemba ina daftari lake na mtunzaji wake, na haikuguswa hata franka moja. Fedha zilitoka katika mfuko wa chama. Kuhusu uamuzi wenyewe, katiba yetu inadai nusu ya wanachama na mmoja zaidi, yaani watu 18 kati ya 34. Mwezi wa tatu walikuja 12, tukaahirisha. Baada ya wiki mbili walikuja 9, na katiba inawaruhusu waliofika katika mwito wa pili kuamua, nao wakaamua: saba walikubali, wawili walikataa. Sikufurahi kuona jambo zito likiamuliwa na watu tisa, lakini waliobaki nyumbani walikuwa wamealikwa mara mbili.

Nimeambiwa pia kwamba wazee wetu wa kazi hii walipamba miaka mingi bila friji, wakiacha ndoo za maua nje usiku. Ni kweli kwa mwezi wa sita na wa saba, wakati usiku wa Lubumbashi una baridi ya kutosha. Mwezi wa kumi je, jakaranda zinapochanua na joto haliondoki hata usiku? Waridi lililokatwa hutulia kwenye nyuzijoto 2 hadi 4, na mawaridi yanayotujia kutoka Zambia hupita mpakani Kasumbalesa, ambako malori huweza kukwama foleni siku kadhaa.

Ijumaa moja ya mwezi huo, mwanachama mmoja alifika kwangu saa kumi jioni akiwa na maboksi ya mawaridi 200, na harusi ilikuwa kesho yake. Tulipofungua, vichwa vilikuwa vimeinama shingoni, kwa kuwa hewa ilikuwa imeingia katika mashina na maji hayapandi tena. Tulikata kila shina upya kwa mshazari ndani ya beseni la maji, tukayafunga kumi kumi kwa magazeti ili shingo zisimame wima, tukayatia ndani ya ndoo zenye maji mengi, kisha kwenye friji. Saa kumi alfajiri tulipofungua magazeti, zaidi ya 160 yalikuwa yamesimama. Mama yule alilia, nami sikuona aibu kulia naye.

Swali la kwa nini friji iko kwenye karakana yangu ninalijibu waziwazi. Laini ya umeme ya mtaa wangu hukatika mara chache kuliko za wenzangu waliojitolea kuiweka kwao, na bili yote ninailipa mimi. Atakayeonyesha mahali penye umeme bora na mlinzi wa usiku, nitaihamisha kesho. Makosa yamekuwapo: friji ya soda hukausha petali, kwa hiyo maua yafunikwe kwa karatasi yenye unyevu, na kuna mwenzetu aliyeweka humo ndizi zilizoiva za sherehe, hewa yake ikafanya karnesheni za mwingine zijifunge kana kwamba zimelala. Matunda hayaruhusiwi tena.

Mfuko ulianza mwaka na dola 1,310. Ada ni dola 60 kwa mwaka. Wanachama 11 walilipa zote, 9 walilipa sehemu, 14 hawakulipa chochote, na jumla iliyoingia ni dola 875 badala ya 2,040. Matumizi ni dola 1,275 za friji, 300 za misiba, 60 za wamama waliojifungua na 70 za mikutano. Zimebaki 480. Inaniuma kusema kwamba kati ya wanaolalamikia friji kwa sauti kubwa, wengi wamo katika wale 14, na baadhi yao wameitumia.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, Mungu akijalia, kuzungumza na wakulima wa kandokando ya mji ili watulimie krisanthemu na majani ya kupambia, na labda kupata jenereta ndogo, ada zikiingia.

Daftari la friji, lenye majina, tarehe na idadi ya ndoo, liko juu ya meza pamoja na risiti zote. Ninawaomba mlisome kabla ya kuomba neno.