Barua kwa mwanangu: mwezi huu usinitumie hela

Mwanangu, marahaba, sisi huku Ifakara wazima, mguu wa baba yako unaendelea vizuri. Nimeona niandike maana kwenye simu nikianza tu habari za hela unasema mama netiweki inakata, haya leo haikati.

Ile meseji ya watu wa mkopo, kwamba wanakudai, nimeipata, shangazi yako kaipata, mpaka fundi aliyetujengea choo kaipata, yaani ukishapakua ile programu ukabonyeza kubali wanazoa namba zote zilizomo kwenye simu. Mwaka 2024 mwezi wa 11 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, kwaiyo siku nyingine angalia kwanza unakopa kwa nani. Sijakasirika. Kilichonishtua ni kwamba ulikopa kwa ajili ya kodi, na kodi ya Dar tarehe yake unaijua, mwenye nyumba wako anataka miezi sita kwa mkupuo, elfu 80 mara sita ni laki nne na themanini, sasa hiyo inakuwaje dharura? Msiba ni dharura, mtoto kuanguka kwenye ngazi ni dharura, kodi inakuja kila baada ya miezi sita kama ilivyokuja mwaka jana.

Unasema unajipenda, unaenda saluni, unasuka, unabandika kucha, wikendi mnakula na wenzio huko Mikocheni, nenda mama, mi sikukatazi, binti anayefanya kazi apendeze. Ila kulala usishtuke simu ikilia saa nne usiku, hiyo mbona huihesabu kwenye kujipenda? Bosi akianza mambo yake ukaweza kumwambia hapana na ukaondoka, mwanaume akijifanya kukulipia kila kitu ukaweza kusema asante nna yangu, hiyo yote inatoka kwenye akiba mwanangu, maana kiburi bila akiba kinaisha bando likiisha.

Sasa sikia. Siku mshahara unaingia, kabla hujanunua hata vocha, toa ile elfu 80 ya kodi weka akaunti nyingine ya benki ambayo kadi yake huitembezi. Usiiache kwenye simu, hela ya kwenye simu inaliwa buku buku, mara soda, mara boda, mara bando, na kama ulisongesha, yaani ulikopa kwenye simu kumalizia malipo, ndo kabisa, hela ikiingia tu wanakata deni lao wenyewe. Kibubu sikushauri, nakujua tangu mdogo ulivyokuwa unakichokonoa kwa pini ya nywele.

Sisi kwenye kikoba chetu sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo wamama watatu tofauti, watu wanadhani ni kuogopa wezi, kumbe wezi wenyewe ni sisi, mtu akiona kitenge kizuri Jumanne anatamani sanduku lifunguliwe Jumanne, haliwezi, mpaka siku ya kikao. Ndo maana Desemba tukivunja kila mtu anaondoka na kitu. Na wewe jitafutie kufuli lako. Upatu wa ofisini cheza, unafaa kununulia friji, lakini usiutegemee kwa ugonjwa, zamu yako ikiwa mwezi wa tisa na umeugua mwezi wa tatu nani atakupisha?

Kwa dharura yenyewe binti wa jirani anaweka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye ule mfuko wa Ukwasi, ananunua vipande, yaani sehemu zake za mfuko, kwa simu, akitaka hela anauza vipande anasubiri siku chache za kazi inaingia benki. Nikamuuliza huoni unacheleweshwa, akasema mama hizo siku chache ndo zimeniokoa, nikitamani simu mpya hela inafika hamu imeshapoa. Nimempenda yule mtoto. Ila acha kidogo benki pia, kuna shida hazisubiri siku za kazi.

Anza na elfu 20 hata 10, juu ya ile ya kodi. Mwezi ukikubana sana weka elfu 5, usiruke tu. Na NSSF usiiweke kwenye hesabu hii, ile ni ya uzee, lakini ulizia kama mwajiri wako anaipeleka kweli maana wapo wanaokukata kwenye mshahara halafu hela haifiki.

Deni la wale watu limalize kwanza, usikope kwingine kulilipa. Ile elfu 50 unayotutumia kila mwezi usitume mpaka uwe umemaliza, nimeshaongea na baba yako, kaguna lakini kakubali, mpunga tunao na kuku wanataga. Shangazi akikupigia kuuliza habari za ile meseji mwambie mama anajua, basi.

Mchele nimempa konda wa basi la asubuhi, kilo 20, kauchukue stendi ya Magufuli pale Mbezi kesho jioni, na usipande boda na huo mzigo, panda daladala.

Mama yako