Kabla hujalipia hicho kipimo cha choo

Shosti wangu Rehema,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nasugua sufuria, ya pili nimekaa chini kabisa manake niliona hapa pana kesi. Yani wewe na dada yako mnakula pamoja, yeye anaongeza na sahani ya pili, na suruali yake ya miaka mitano bado inamkaa vilevile, wewe ukijisahau wikiendi moja tu kifungo kinagoma. Sasa kuna mtu kakwambia ni bakteria wa tumboni, uweke choo kwenye kichupa utume kikapimwe halafu wakuuzie vidonge vya kuwarekebisha, na unaniuliza ulipe usilipe. Ndo maana nimekuandikia barua, meseji isingetosha.

Huyo mtu hajakudanganya moja kwa moja, hilo nianze nalo. Bakteria wapo na kazi wanafanya. Mtu mzima anakadiriwa kuwa nao trilioni 38 hivi, karibu wote wanakaa utumbo mpana, na ukiwakusanya wote hawafiki hata robo kilo. Zile habari kwamba wanazidi seli zetu mara kumi zilishapigwa chini 2016, watu walikaa wakahesabu upya wakakuta hawapishani sana. Kwa hiyo kama ulishaanza kuwaza kitambi chako ni bakteria wenyewe, hapana shosti, hicho ni chako halali.

Wanachofanya ni hivi. Tukila, sehemu kubwa inayeyushwa na kufyonzwa huku juu kwenye utumbo mwembamba, ila nyuzinyuzi zinatushinda, hatuna vimeng'enya vya kuzivunja, zinateremka mpaka utumbo mpana na huko ndo wao wanazishukia, wanazichachusha, na wakimaliza wanaacha asidi ndogondogo za mafuta zinaitwa asetati, propionati na butirati. Butirati inaliwa na seli za ukuta wa utumbo wenyewe, nyingine zinaingia kwenye damu zinatumika kama nguvu. Maana yake kuna kalori ambazo ungezimwaga chooni wao wanakurudishia. Lakini hapohapo asidi hizohizo zinazichokonoa seli za utumbo zitoe homoni za kushibisha, mojawapo GLP-1, ileile inayoigwa na zile sindano za kupunguza uzito ambazo kila mtu anaziongelea sa hivi. Umeona mambo yao? Mkono mmoja wanakuongezea, mkono mwingine wanakwambia basi inatosha. Ndo maana mtu akiniambia bakteria wananenepesha au wanakondesha, namuuliza wapi, lini, na ulikuwa umekula nini.

Sasa utamu wenyewe upo kwa panya. Mwaka 2004 maabara ya Jeffrey Gordon, Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis Marekani, walichukua panya waliokulia kwenye maboksi yasiyo na kijidudu hata kimoja, panya wembamba kabisa ingawa wanakula vizuri, wakawapa bakteria wa panya wa kawaida. Wiki mbili tu mafuta mwilini yakapanda kama asilimia 60, na shosti, walikuwa wanakula KIDOGO kuliko mwanzo. Niliposoma hapo nikakukumbuka wewe na ule msemo wako wa "mi nanenepa hata nikinywa maji". Halafu 2013 maabara hiyohiyo ikaja na mapacha, jozi nne za wanawake, pacha mmoja mnene mwenzie mwembamba, wakachukua bakteria kwenye choo chao wakawapandikiza panya. Panya wa pacha mnene wakajaza mafuta, wa mwembamba hawakujaza. Kama ingeishia hapo mi ningekwambia lipa.

Ila haikuishia hapo. Waliwaweka panya wa aina zote mbili kwenye kizimba kimoja, na panya wana tabia ya kula mavi ya wenzao (samahani kama ulikuwa unakula), basi bakteria wa kutoka kwa pacha mwembamba wakahamia kwa yule wa kunenepa wakamzuia asijaze mafuta. Lakini hiyo ilitokea pale tu chakula kilipokuwa na mafuta kidogo na matunda na mboga nyingi. Walipobadilishiwa wakapewa chakula cha mafuta mengi na nyuzinyuzi kiduchu, wageni hawakukaa, mambo yakarudi vilevile. Soma tena hiyo sentensi, manake hao wa kichupa hawatakwambia.

Kwa watu wazima wa kibinadamu ndo kabisa moto unapoa. Amsterdam walijaribu, matokeo yalitoka 2012, wanaume wanene wenye shida ya insulini wakapandikiziwa bakteria wa choo kutoka kwa watu wembamba. Baada ya wiki sita insulini ikafanya kazi vizuri zaidi, kweli, ila uzito haukusogea. Walipofuatilia jaribio kama hilo kwa muda mrefu zaidi, ilipofika wiki ya 18 hata ile nafuu ya insulini ilishayeyuka. Kuna bakteria mwingine sifa zake utazisikia sana, Akkermansia, huyo 2019 Wabelgiji waliwapa watu wenye uzito mkubwa miezi mitatu, insulini ikaboreka kidogo, uzito ulishuka lakini kiasi ambacho huwezi kukitofautisha na bahati tu. Na cha kuchekesha, aliyefanya kazi vizuri ni yule aliyeuawa kwanza kwa joto. Maiti!

Na mimi nina ushahidi wangu, sikuwahi kukwambia kwa aibu. Ule mwaka niliotumia antibayotiki mfululizo kwa ajili ya jino, nikatishwa kwamba tumbo langu sasa ni jangwa, nikanunua vidonge vya bakteria, kopo linatakiwa likae kwenye friji, kila asubuhi naamka namwaga kimoja kiganjani kabla ya chai kama naapishwa. Miezi miwili. Kila Jumatatu napanda kwenye mzani, navua mpaka hereni. Unajua nilipungua nini? Nilipungua hela. Nusu kilo ikashuka, wiki inayofuata ikarudi na mwenzie. Baadae sana ndo nikaelewa kwamba wale unaowameza wengi ni wapita njia, ukiacha kumeza na wao wanaondoka.

Kuhusu kile kipimo sasa. Watakutumia ripoti nzuri yenye rangi, kijani hapa nyekundu pale, bakteria aina hii wamezidi aina ile. Ule uwiano wenyewe wa makundi mawili makubwa, Firmikute na Bakteroidete, ulivuma sana baada ya 2006 kwamba ndo siri ya unene, halafu tafiti nyingi zilipounganishwa kwa pamoja ukaonekana hauwezi kumtofautisha mnene na mwembamba. Mpaka leo hakuna kipimo kinachokubalika cha tumbo "sahihi" liweje. Sasa watakulinganisha na nani?

Kitu pekee kilichonivutia kwa watu ni jaribio moja la Florida, 2023. Watu 17 walifungiwa kwenye kituo, kila tonge linapimwa, kila kinachotoka kinapimwa pia (waliokuwa wanafanya hiyo kazi Mungu awalipe). Walipokula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na kisichosindikwa sana, walitoa chooni wastani wa kalori 116 zaidi kwa siku kuliko walipokula chakula laini cha viwandani, na hawakusema wana njaa zaidi. Kalori 116 ni kama ndizi moja. Sio muujiza, suruali haitashuka kesho, ila ni kitu halisi na hakiuzwi kwenye kopo.

Kwa hiyo jibu langu, usilipe. Ongeza maharage, nafaka isiyokobolewa, mboga, matunda na maganda yake pale inapowezekana. Ila taratibu tafadhali! Mi nilianza kwa pupa, siku ya tatu nipo kwenye kikao tumbo linapiga ngoma mpaka jirani yangu akaniangalia. Ile gesi ni wao wanashangilia, wape wiki mbili tatu wazoee, na maji kunywa.

Dada yako usimwonee wivu bure pia, kuna damu mliyorithi, kuna usingizi, kuna huko kutembeatembea kwake ambako hata yeye hakuhesabu, bakteria ni wachezaji wawili watatu kwenye timu ya kumi na moja. Na ile dawa ya presha uliyoanza mwaka jana, ulishawahi kumuuliza daktari kama inaongeza uzito? Baadhi zinaongeza. Kamuulize hilo kwanza, ni bure, halafu nitumie voisi, safari hii fupi.

Wako,
Zuhura